Watafiti wa Tabia Wametuuliza Mengi, Sasa Watuletee Majibu

Miaka kadhaa iliyopita niliajiriwa kwa miezi mitatu kuwahoji watu kwa niaba ya idara moja ya chuo kikuu iliyokuwa ikichunguza tabia na afya. Kazi yetu ilianzia mjini Makambako, ikaendelea katika vijiji vya kando ya barabara iendayo Njombe. Asubuhi moja ya mwezi Julai, baridi ikikata masikio, nilipiga hodi kwa mama mmoja wa makamo. Tuliamkiana "Kamwene", akanisogezea kigoda karibu na moto, nami nikamsomea karatasi ya ridhaa kama nilivyofundishwa. Alinisikiliza hadi mwisho huku akichambua maharage. Kisha akasema: "Mwanangu, nitakujibu. Lakini mwaka juzi alikuja mwenzako, binti, akiwa na karatasi kama hizo. Nilimweleza mambo ambayo hata dada yangu hayajui. Yalikwenda wapi?"

Nilimjibu kuwa yalikwenda chuoni. "Na huko chuoni walionaje?" Hapo nilinyamaza. Kazi yetu nayo iliishia hivyo hivyo: mkataba ulikwisha, tukalipwa posho, madodoso yakapakiwa katika maboksi, gari likaondoka. Hadi leo sijaletewa hata ukurasa mmoja wa matokeo, wala vijiji vile havikuletewa.

Nayaandika haya kwa sababu mkoa wetu hauwezi kuwakosa watafiti wa namna hii. Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2011-12, Njombe ilikuwa na asilimia 14.8 ya watu wa umri wa miaka 15 hadi 49 wenye virusi vya ukimwi, wakati kwa nchi nzima ilikuwa asilimia 5.1. Katika uchunguzi wa mwaka 2022-23 uliopima watu wa miaka 15 na kuendelea, Njombe ilionekana kuwa na asilimia 12.7, na taifa asilimia 4.4. Wenye virusi sasa wanaishi miaka mingi kwa sababu ya dawa, kwa hiyo asilimia hizo pekee hazitoshi kueleza kama maambukizo mapya yanaongezeka au yanapungua. Lakini zinatosha kumleta mtafiti mlangoni.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi hiyo. Wengi wetu tukisikia neno saikolojia tunafikiria wagonjwa wa akili na hospitali ya Mirembe kule Dodoma. Ni sehemu yake, lakini ni sehemu tu. Sayansi ya tabia inashughulika zaidi na watu wazima wa akili kama wewe na mimi, na swali lake kubwa ni hili: kwa nini mtu anayejua jambo jema halifanyi? Mama anajua mtoto apelekwe zahanati mapema, lakini anangoja siku ya tatu. Baba amesikia redioni kuhusu kupima damu, na kila wiki anapita mbele ya mlango wa kupimia bila kuingia. Daktari anaweza kukueleza virusi vinafanya nini mwilini. Kwa nini yule baba anapita tu, hilo anahitajika mtu mwingine wa kulichunguza.

Wanaodhani kazi ya idara kama hizo ni kukaa na vitabu tu wangeshangaa. Tulikaa wiki mbili nzima tukigombana juu ya maneno. Swali huandikwa kwa Kiingereza, mtu mmoja akaligeuza kwa Kiswahili, mwingine ambaye hakuliona la kwanza akalirudisha kwa Kiingereza, kisha yakalinganishwa. Mara nyingi yanarudi yakiwa maswali mawili tofauti kabisa. Ukimwuliza mkulima wa viazi aliyelazimika kuuza lumbesa kwa hasara kama wiki hii amekosa raha, atakujibu ndiyo, naye si mgonjwa hata kidogo. Mwaka 2002 Dkt. Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walitoa matokeo ya kazi ya uangalifu wa aina hiyo. Walichukua orodha ya maswali 25 ya kupima sonona na wasiwasi, iliyotungwa Marekani, wakaijaribu kwa wajawazito wenye virusi vya ukimwi Dar es Salaam, ili kuhakikisha kwamba kwa Kiswahili inambaini kweli mwenye sonona. Kazi kama hiyo haina sherehe, lakini bila hiyo mtu mwenye huzuni ya kawaida atapewa dawa, na mgonjwa atarudishwa nyumbani.

Tena kuna jambo la sisi wenyewe tunaohojiwa. Tunadanganya. Sisemi kwa lawama, maana hata mimi nikiulizwa na kijana nisiyemjua mambo ya chumbani kwangu nitatafuta jibu la heshima. Katika utafiti wa MEMA kwa Vijana uliofanyika vijijini mkoani Mwanza, walikuwapo vijana waliosema hawajawahi kuwa na uhusiano wa kimwili, huku vipimo vya maabara vikionyesha vingine. Waliofika karibu zaidi na ukweli ni watafiti waliokwenda kuishi vijijini, wakalima na kuchota maji pamoja na watu, wakasikiliza tu.

Utafiti huo wa Mwanza kila mzazi na mwalimu angepaswa kuufahamu. Ulianza mwishoni mwa miaka ya 1990 katika jumuiya 20. Katika 10, wanafunzi wa darasa la tano hadi la saba walifundishwa habari za uzazi na ukimwi, na wahudumu wa zahanati wakafunzwa kuwapokea vijana vizuri. Nyingine 10 hazikupata mpango huo wakati huo, ili ziweze kulinganishwa. Baada ya miaka mitatu wale waliofundishwa walijua zaidi, na walijibu vizuri zaidi. Mwaka 2007 na 2008 watafiti walirudi wakapima vijana karibu 14,000. Maarifa yalikuwa bado yapo kwa kiasi fulani. Maambukizo ya virusi hayakuwa pungufu kuliko katika jumuiya zile nyingine.

Msomaji anaweza kusema basi fedha zilipotea. Mimi naona kinyume. Tangu hapo hakuna mtu wa haki anayeweza kutuambia kwamba kubandika mabango na kuhutubia vijana shuleni kunatosha. Kijana anaweza kujua yote na bado akarudi katika kijiji kile kile, chenye umaskini ule ule, na watu wazima wale wale wanaomwonyesha zawadi binti wa miaka 15.

Sasa nije hapa kwetu. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilishauri tohara ya wanaume iongezwe kama njia mojawapo ya kinga, baada ya majaribio yaliyofanyika Afrika Kusini, Kenya na Uganda kuonyesha kwamba inapunguza kwa karibu asilimia 60 hatari ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke. Haiondoi hatari yote, wala haichukui nafasi ya uaminifu. Mkoa wa Iringa wa wakati ule, ambao Njombe ilikuwa ndani yake hadi 2012, ulikuwa kati ya mikoa ya kwanza kuanza huduma hiyo, mwaka 2009. Katika kampeni moja ya wiki sita mwaka 2010 walitahiriwa zaidi ya watu 10,000. Ila wengi walikuwa wavulana na vijana wadogo. Akina baba hawakuonekana.

Hapo ndipo watafiti wa tabia walipoitwa. Walikaa na wanaume na wanawake wa Iringa na Njombe wakazungumza nao katika makundi, na mwaka 2013 wakatangaza waliyoyasikia. Wanaume hawakusema hawajui. Walisema wanaona aibu. Mtu mwenye mke na watoto atapangaje foleni na watoto wa umri wa mwanawe, pengine na mwanawe mwenyewe? Walisema tohara ni jambo la ujanani, ukishaoa wakati umepita. Walihofia maumivu, na kupoteza siku za kazi. Tena walihofia zile wiki sita za kujizuia tendo la ndoa wakati kidonda kinapona, kwamba huenda mwenzi akatoka nje.

Tazama jinsi mambo hayo yalivyo ya kawaida. Kizuizi kimojawapo kikubwa kilikuwa benchi! Benchi moja la kungojea, watoto upande huu, baba zao upande ule. Daktari bingwa angeweza kukaa miaka kumi asilione, kwa sababu yeye hupita mlango wa nyuma.

Kutokana na hayo ukafanyika utafiti mwingine katika vituo 20 vya mikoa ya Njombe na Tabora, matokeo yakatolewa mwaka 2017 na Dkt. Mwita Wambura wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na wenzake. Kwa kura, nusu ya vituo viliongezewa mambo manne: matangazo yaliyolenga watu wazima, wanaume waliokwisha kutahiriwa kuwashawishi wenzao, mpangilio wa kituo wenye faragha, na wanawake kushirikishwa. Vituo hivyo vilipata wateja 6,251, na vile vya kawaida 3,968. Wenye umri wa miaka 20 hadi 34 walikuwa asilimia 17.7 ya wateja katika vituo vya mpango mpya, na asilimia 13.0 katika vingine, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kuwa na uhakika. Na ukitazama mkoa kwa mkoa, Tabora sehemu ya watu wazima iliongezeka mara mbili, lakini Njombe ilibaki sawasawa.

Kwa nini Tabora na si Njombe? Mimi nadhani kwetu wale walio wepesi kushawishika walikuwa wamekwisha kwenda tangu kampeni za mwanzo, wakabaki wagumu. Labda nimekosea. Lakini ningependa swali hilo liulizwe katika mkutano wa kijiji pale Makambako, au kwenye kilabu cha ulanzi jioni, maana wanaojua jibu ndio wanaokaa hapo. Watawezaje kulijibu ikiwa hawajui kwamba liliulizwa?

Hilo ndilo neno langu kwa vyuo na taasisi. Matokeo yaandikwe Kiingereza, sawa, ndiyo lugha ya majarida yao. Lakini yaandikwe pia kurasa mbili za Kiswahili, yabandikwe zahanati, yasomwe mkutanoni na katika jumuiya ndogo ndogo, kisha watu waachwe wayabishie. Nimewahi kumweleza haya mtaalamu mmoja. Alinijibu kwamba wafadhili hulipia utafiti na uandishi, si safari ya kurudi. Naelewa. Ila ikiwa gari lilipata mafuta ya kuja kuuliza, mafuta ya kurudi kujibu yaandikwe katika bajeti ile ile tangu mwanzo, na kamati zinazotoa vibali ziyadai.

Kuna kipingamizi kizito zaidi ambacho siwezi kukipuuza. Majibu yanaweza kuumiza. Watu wa Njombe wamechoka kutajwa kila mwaka kama wanaoongoza kwa ukimwi. Wapo vijana wetu waliochekwa ugenini kwa sababu ya namba hizo. Mtu akija kusoma mbele ya kijiji kwamba wagonjwa ni wengi hapa kuliko kule, atakuwa ameongeza aibu, na aibu ndiyo iliyowazuia wale akina baba. Kwa hiyo namna ya kurudisha nayo inataka ujuzi. Mtafiti asije na asilimia peke yake. Aje na sababu: barabara kuu mbili zinazokutana Makambako pamoja na reli ya TAZARA, malori yanayolala, wanaume wanaohama kufuata vibarua vya mbao na chai, mabinti wanaokwenda mijini kufanya kazi za nyumbani. Mtu akielezwa hali anayoishi atakuwa na la kusema, hata kama ni kupinga.

Na wewe utakayehojiwa, fahamu haki zako. Unaweza kukataa kabisa, au kuruka swali moja, au kuacha katikati, na hakuna atakayekunyima matibabu kwa sababu hiyo. Kabla ya kuweka sahihi, muulize mhoji matokeo yatarudi lini, na yatasomwa wapi. Hata kama yeye ni kibarua tu kama nilivyokuwa mimi, swali lako litafika, kwa sababu wahoji husimuliana jioni. Kwenye karatasi ya ridhaa huwa pana jina la mtafiti mkuu na namba ya simu, pamoja na ya kamati ya maadili iliyotoa kibali. Nakala moja ni yako. Usiiwashie moto asubuhi ya baridi, iweke pamoja na kadi za kliniki za watoto, na ukiona mwaka umepita kimya, mpigie.