Afya Yako: Figo na Namba ya Damu

Figo zako ni mbili. Ziko upande wa mgongoni, karibu na mbavu za chini. Kazi yake ni kusafisha damu. Uchafu hutoka pamoja na mkojo. Figo zikichakaa, mara nyingi haziumi mapema. Mtu hulima, hula na hulala, wala hana habari. Ndiyo maana hupimwa damu.

Katika damu hutafutwa uchafu uitwao kriatinini. Hutoka katika misuli kila siku. Figo nzima huutoa. Figo dhaifu huuacha, nao hujaa.

Lakini namba hiyo peke yake inaweza kudanganya. Fikiria nyumba mbili. Ya kwanza ina watu kumi. Ya pili ina bibi mmoja tu. Uani unakuta lundo la taka, tena sawasawa kwa nyumba zote mbili. Kwa watu kumi si ajabu. Kwa bibi, utajua ua haukufagiwa siku nyingi.

Na damu ni hivyo hivyo. Kijana wa kiume wa miaka 25, kilo 70, anapata 1.2. (Hospitali nyingine huandika 106. Ni kiasi kile kile.) Bibi wa miaka 75, kilo 45, naye anapata 1.2. Mwaka 1976 wataalamu wawili, Cockcroft na Gault, walitoa hesabu ya umri, uzito na jinsia. Kwa hesabu hiyo, figo za kijana husafisha kama mililita 93 kila dakika. Za bibi ni 29 tu! Siku hizi kuna hesabu mpya. Jibu lake laweza kutofautiana, lakini nazo huuliza umri.

Jambo hili si dogo. Dawa nyingi hutoka mwilini kwa njia ya figo. Kiasi cha kijana chaweza kumdhuru bibi. Na vidonge vya maumivu kama diklofenaki vyaweza kuziumiza figo zake zaidi.

Basi ukipimwa, taja umri wako wa kweli. Hujui mwaka uliozaliwa? Eleza ulikuwa mkubwa kiasi gani tulipopata Uhuru mwaka 1961. Kisha muulize mganga: "Figo zangu zinasafisha kiasi gani?" Akisema chini ya 60, usikate tamaa. Utapimwa tena. Ikibaki chini hivyo kwa miezi mitatu, huo ni ugonjwa wa kudumu, nao una matunzo yake.

Na kama jana ulikula nyama nyingi, mwambie. Nyama iliyopikwa hupandisha namba hiyo kwa muda.