Uwanja wa shule si kiwanja cha kuuzwa



Kule Mathare, mtaa wa mabanda wa Nairobi, mwaka 1987 Mkanada Bob Munro na vijana wa pale walianzisha chama cha mupira, MYSA. Leo kina maelfu ya wavulana na wasichana, na timu iliyozaliwa humo, Mathare United, ilichukua ubingwa wa Kenya mwaka 2008.

Lakini kombe si ndilo linatugusa. Linalotugusa ni hesabu yao. Timu inapata pointi ikishinda, sawa, lakini inapata pointi pia ikienda kuzoa takataka mtaani. Salongo inahesabiwa kwenye ligi! Na kijana anayejitolea, anayefundisha wadogo wake ao anayesimama refa, anakusanya pointi zinazoweza kumlipia masomo. Makuta inaenda kwa shule moja kwa moja, haipitie mufukoni mwa mukubwa yeyote. Vijana wenyewe njo wanachagua viongozi wao. Ndiyo maana kile chama kimekomaa, si juu ya kupewa jezi za bure.

Na kwetu je? Saa ya michezo iko kwenye ratiba, kwenye karatasi. Tangu 2019 serikali imeanza kutekeleza kifungu cha 43 cha Katiba, shule ya msingi ni bure, na madarasa yamejaa mupaka mulangoni. Watoto hao wote watakimbilia wapi? Uwanja nilipojifunzia mupira, nyuma ya shule yetu, leo ni maduka na ukuta mrefu. Hakuna muzazi aliyeulizwa. Siku tuliporudi na mupira, askari wa zamu alitufukuza kama wezi.

Kuna watakaosema: tungoje ONG ije na jipu nyeupe. Mimi nasema hapana. MYSA yenyewe isingeweza kitu kama watoto wa Mathare hawangekuwa na mahali pa kuchezea. Chama kinaweza kuleta mupira na kocha. Kulinda udongo wa shule ni kazi ya serikali, na sisi tuko na haki ya kuiuliza.

Kwa hiyo tunaomba komine zibandike ukutani, wazi, orodha ya viwanja vyote vya shule na majina ya waliovipata. Sisi kila Jumamosi, saa mbili ya asubuhi, tutafanya salongo kwenye vile vilivyobaki. Kuja na jembe. Mwenye mupira aulete pia.