Nimeweka nyasi za plastiki kwa Bibi, na sijutii

Wasee, najua mtanicheka. Msee wa Garsen, mahali mbuzi wanatembea katikati ya barabara kama wana hati ya shamba, eti ameweka nyasi za plastiki mbele ya nyumba ya bibi yake. Mjomba alipoziona mara ya kwanza aliuliza, "Sasa wewe mpwa wangu, hata nyasi unanunua?" Haya, cheka kwanza. Ukimaliza, nisikize.

Boma letu liko upande wa Minjila, juu kidogo. Kutoka mlangoni kwa Bibi hadi getini kuna mteremko, si mkali, lakini upo. Na udongo wetu mnaujua. Kiangazi unapasuka nyufa za kumeza simu. Mvua ikinyesha unavimba, unanata kwa ndala mpaka unajikuta umeongezeka urefu bure. Maji hayaingii chini haraka, yanapita juu tu, na pale yanapopita panateleza kama sabuni.

Tulianza na kokoto, kama kila mtu. Wazo lilikuwa poa: mawe juu, matope chini, mambo yameisha. Shida ni kwamba delta hii yote ni udongo na mchanga ulioletwa na mto. Mawe hatuna. Yanakuja na lori, na unalipia safari. Tukamwaga, tukapiga picha, tukafurahi.

Halafu ikaja mvua ya El Niño mwisho wa 2023. Nyinyi mnaikumbuka kwa mafuriko, kwa barabara ya Lamu kukatika. Mimi naikumbuka kwa kokoto zetu. Maji yaliyoshuka kwa mteremko yalizibeba zikajikusanya getini, na zilizobaki juu zikazama ndani ya mfinyanzi, moja moja, kama meno kwenye fizi. Tukazikusanya na koleo, tukazirudisha. Masika ya 2024, hadithi ile ile. Safari hii Bibi alikanyaga zile zilizolegea akiwa na ndoo mkononi, akaanguka. Hakuvunjika, alhamdulillahi, lakini wiki tatu hakutoka nje. Hapo ndipo niliacha kuona hii ni story ya urembo.

Mtu ataniambia, si upande nyasi za kweli? Buda, nyasi za kweli zinakunywa maji. Kiangazi maji yetu yanabebwa kwa mitungi, na siwezi kumwambia Bibi achote maji ya kunywesha uwanja. Na hata zikimea, mbuzi watamaliza kazi kabla ya Ijumaa.

Sasa sikiza hapa, maana watu wengi wanakosea na sisi tulikosea. Mara ya kwanza fundi alitandika zile nyasi moja kwa moja juu ya udongo. Mvua ya kwanza tu, mfinyanzi ukavimba, kapeti ikakunjamana kama shuka ya asubuhi. Tukaing'oa tukaanza upya. Tulichimba udongo wa juu, tukatandika kitambaa kizito cha kupitisha maji ili mawe yasizame. Juu yake tukamwaga kokoto zenye kona kona pamoja na vumbi lake, tukashindilia mpaka pakawa pagumu. Pembeni tukajenga ukingo wa saruji, chini tukachimba mtaro. Ndipo nyasi zikalazwa na kupigiliwa misumari mirefu. Sasa maji yanapita kwenye vitundu vya mgongo wa kapeti, yanashuka ndani ya mawe, mteremko unayasukuma hadi mtaroni.

Umeona? Kokoto hazikufukuzwa, zimefunikwa. Jiwe lililobanwa na kufunikwa linakaa. Jiwe lililoachwa wazi kwenye mteremko linasubiri mvua lisafiri. Kwa hivyo ukiwa na pesa kidogo, imalize chini kwanza. Nyasi ndiyo shati tu, mwili uko ndani.

Sitawadanganya kwamba hakuna ubaya. Jua letu si la mchezo. Saa saba mchana nyasi hizi zinachoma, na sehemu zenye jua kali zishawahi kupimwa zikapita nyuzi 60. Ndiyo maana tumeweka kipande kidogo tu, njia ya Bibi na pale anapoketi jioni, chini ya mwembe. Jiko la makaa halikaribii hapo, cheche moja tu na umepata shimo. Na mwisho wa siku ni plastiki. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria 2023 ya kuondoa sokoni, baada ya miaka minane, zile chembe za mpira zinazomwagwa kwenye viwanja vya nyasi bandia, kwa sababu zinaishia kwenye udongo na maji. Sisi tulijazia mchanga. Kapeti ikichakaa, itabidi mimi nijue pa kuipeleka, si kuitupa Tana ikawafikie watu wa Kipini.

Na kama boma lako liko chini kabisa, mahali mto unaingia ndani ya nyumba, usiniige. Tope la mafuriko litaziba vile vitundu vyote na utakuwa umezika pesa zako. Wewe inua nyumba kwanza.

Lakini kwa mteremko wa mfinyanzi, mahali mzee anapita kila siku, mimi nimechagua upande. Juzi ilinyesha usiku kucha. Asubuhi nikamkuta Bibi nje, ndala mkononi, anatembea miguu mitupu polepole. Nikamuuliza, "Bibi, mbona hujavaa?" Akanijibu, "Nataka kuhisi kama ni kweli."

Mjomba bado anacheka. Lakini jioni kiti chake anakiweka hapo hapo.