Poka: Haki ya Mgeni Inaishia Wapi?

Mgeni wa poka huumbuliwa na macho yake. Karata za pamoja zikifunuliwa katikati ya meza naye akapata aliyokuwa akiingoja, huzitupia jicho kete zake za kuwekea dau mara moja, kisha hutazama pembeni kama hana habari. Mmarekani Mike Caro alizichambua ishara za namna hii katika kitabu chake cha mwaka 1984, na wazoefu wanazijua kwa moyo. Mgeni mwingine kasoro yake ni kutotupa karata. Pandisha dau upendavyo, atalifuata hadi mwisho, maana anataka kuona umeshika nini. Mzoefu akishamjua, haangaiki tena kumchimbia mkwara. Anangoja karata nzuri, ndipo anaweka dau nono.

Je, huo ni uonevu? Mimi nasema siyo. Kocha wa soka akiona beki wa kushoto wa wapinzani ni mzito, mipira ataielekeza huko, na hakuna atakayemlaumu. Katika poka karata zimefichwa, kwa hiyo anayesomwa ni mtu. Isitoshe, mgeni naye ana macho: anaweza kujifunza, na anaweza kuinuka na pesa zilizobaki.

Tatizo lilianza poka ilipohamia kwenye intaneti. Mwaka 2003 Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee, alipata nafasi kupitia shindano dogo la mtandaoni, akaenda Las Vegas na kutwaa ubingwa wa dunia pamoja na dola milioni 2.5. Watu wa kawaida wakamiminika, kila mmoja akiamini zamu yake inakuja. Waliowasubiri walikuwa na programu zinazohifadhi kila mchezo na kuonyesha, pembeni ya jina la mpinzani, ni asilimia ngapi ya madau huyafuata na ni wakati gani hukata tamaa. Zikaja na nyingine za kusaka meza aliyoketi mchezaji dhaifu na kuwahi kiti. Kumbukumbu za michezo ziliuzwa pia, hivyo mtu aliweza kuzijua tabia za mgeni ambaye hajawahi kucheza naye hata mara moja.

Hapo haki imevunjwa. Anayeketi mezani amekubali kutazamwa na walioketi naye; hakukubali kupelelezwa na mashine asiyoiona. Watetezi husema programu hizo zinauzwa kwa yeyote. Hoja hiyo ni dhaifu mno: mgeni ni mgeni kwa sababu hajui hata kwamba zipo.

Wenye meza, ambao hujikatia fungu lao katika pesa zinazochezewa, hawawezi kunawa mikono. Mwaka 2019 kampuni ya poka ya mtandaoni ya PartyPoker ilizipiga marufuku programu za takwimu na kuwataka wachezaji wabadili majina, ili kumbukumbu za zamani zisiwafuate. Kampuni zote zinapaswa kufanya hivyo. Nawe unayetamani kujaribu, uliza kwanza kama meza hiyo inaziruhusu programu hizo. Ikiwa inaziruhusu, usiweke hata senti.