Nazi Haizibui Mishipa

Mwandishi anayedai kwamba mafuta ya nazi huzibua mishipa ya moyo, na kwamba wazee wa Msambweni ndio ushahidi, ameusoma ushahidi wenyewe nusu. Zaidi ya asilimia 80 ya mafuta hayo ni mafuta yaliyoshiba, yale yanayopandisha LDL, kolesteroli mbaya. Wazee hao walikuna nazi kwa mbuzi, wakakamua tui la kuungia samaki na mchicha wa nyumba nzima, kisha wakaenda shamba kwa miguu. Nani kati yao alikunywa vijiko vya mafuta kila asubuhi, kama mwandishi huyo anavyotushauri? Leo Ukunda tunapanda bodaboda kufuata viazi karai! Msomaji, tui lako pikia. Ila dawa za kolesteroli alizokuandikia daktari usiziache kwa sababu ya makala.