Tumezoea

Jumamosi iliyopita nilikaa kwenye benchi la fundi cherehani kungojea kanzu. Alikuwa ameniambia nije saa nne asubuhi. Saa nne nikafika, nikaikuta kanzu yangu ingali kitambaa, kimekunjwa vile vile nilivyokileta. "Njoo kesho, mzee wangu," akaniambia, pini zikiwa mdomoni. Pembeni yangu alikaa mama mmoja aliyekuja safari ya tatu kufuata sare ya mwanawe. Naye akaambiwa kesho. Akainuka, akajitanda khanga yake, akasema: "Haya, sisi tumezoea."

Ndugu wasomaji, neno hilo ndilo lililonishikisha kalamu. Mtu hazoei kupotezewa saa zake mpaka awe amekwisha kukubali moyoni kwamba saa hizo si kitu. Na saa za mtu ni nini kama si umri wake? Anayezidharau amejidharau mwenyewe, hata avae vizuri namna gani.

Fundi naye simwiti mwongo. Mikono yake ni hodari, mshono wake haufumuki. Kosa lake liko kwingine: hupokea kila kitambaa kiingiacho mlangoni, akiogopa kwamba akisema "wiki hii nimejaa," mteja ataondoka asirudi tena. Haamini kwamba kazi yake inastahili kungojwa. Basi hutoa ahadi kumi akijua atatimiza nne, akakesha akishona hadi macho yakamuuma, na asubuhi kazi yake ya kwanza ni kuomba radhi. Kinachomlia muda ni hofu hiyo, wala si uvivu. Tunawahubiria bidii watu ambao bidii wanayo tele.

Anayejithamini huzilinda saa zake. Mtazameni mwandishi Shaaban Robert. Mwaka 1926 aliingia ukarani wa forodha, na miaka mingi ya maisha yake aliitumikia serikali ofisini; mchana wake ulikuwa wa mwajiri. Alipofariki mwaka 1962, akiwa na miaka 53, aliacha vitabu zaidi ya 20. Asiyeamini kwamba ana neno la kuwaambia watu hawezi kulitengea saa namna ile.

Fundi, kama nguo itakuwa tayari Alhamisi, sema Alhamisi. Tutangoja. Nawe mama, ukiambiwa tena kesho, usiinuke upesi. Muulize saa ngapi, na umwambie kwamba umeacha kazi zako kuja hapo.