Pumzi ya Arejeaye Mbioni

Miongoni mwa desturi njema zilizoingia katika miji yetu miaka hii ni ile ya watu wazima, wake kwa waume, waliokwisha kulea watoto na kuzoea viti vya ofisi na meza za biashara, kuamka alfajiri na kwenda kukimbia. Baadhi yao waliitikia wito wa mwaka 2016, pale Mama Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alipotaka Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Baadhi walitiwa hamasa na Alphonce Simbu, aliyetwaa dhahabu ya marathoni katika mashindano ya dunia mjini Tokyo mwezi Septemba 2025. Na wengine hawakuhitaji wito wala medali, bali tabibu aliyewaambia kwamba shinikizo lao la damu limepanda. Hapa Mpanda, mkoani Katavi, kama penginepo, wote hao hukutana na mtihani mmoja kabla ya mingine yote, nao ni pumzi.

Mtu ambaye zamani za shule alikuwa akiongoza mchakamchaka huku akiimbisha wenzake, leo hamalizi nusu kilomita kabla kifua hakijambana na maneno hayajamkauka kinywani. Papo hapo hupewa nasaha mbili. Ya kwanza humwambia kwamba umri umekwenda, arudi nyumbani akapumzike; ya pili humwambia akaze roho, kwa kuwa maumivu ndiyo ada ya mazoezi. Naamini kwa yakini kwamba nasaha zote mbili ni mbaya, na ubaya wao ni mmoja: zote zamtaka mtu asiisikilize pumzi yake, ya kwanza kwa kumkatisha tamaa na ya pili kwa kumtia ukaidi. Rai yangu ni kwamba pumzi inayokatika ni shahidi, na shahidi husikilizwa kwanza ndipo hukumu itolewe. Tena wajibu wa kumsikiliza si wa mkimbiaji peke yake, bali ni wa kiongozi wa kikundi chake, wa zahanati iliyo jirani naye, na wa mji ambao hewa yake ndiyo aivutayo.

Tuanze na sababu iliyo ya kawaida kuliko zote, nayo si maradhi. Mtu aliyeketi kwa utulivu huvuta lita sita hadi nane hivi za hewa kwa dakika, na akikimbia kwa nguvu kiasi hicho chaweza kupita lita 100. Mapafu ya mtu mwenye siha aghalabu huimudu kazi hiyo; kinacholegea kwa miaka ya kukaa ni moyo, ambao husukuma damu kidogo kwa kila pigo, na misuli ya miguu, ambayo hupoteza uhodari wake wa kuitumia oksijeni, hata ikachoka mapema na kuudai mwili hewa zaidi kuliko mwendo wenyewe unavyostahili. Ulegevu huo watibika. Mwaka 1966, katika mji wa Dallas nchini Marekani, vijana watano wenye umri wa miaka 20 walilazwa kitandani wiki tatu mfululizo kwa ajili ya utafiti, kisha wakapimwa. Na walipopimwa tena baada ya miaka 30, ilidhihirika kwamba zile wiki tatu za kulala ziliwapunguzia nguvu kuliko miaka 30 ya kuzeeka, na kwamba miezi sita ya mazoezi ya taratibu iliwarudishia uwezo wa kutumia oksijeni waliokuwa nao kabla ya kulazwa. Asemaye kwamba umri umekwenda, basi, amelaumu umri kwa kosa la kukaa.

Dawa ya ulegevu huo ni mwendo wa kadiri. Arejeaye mbioni na atembee kwa hima dakika kumi, akimbie pole dakika moja au mbili, atembee tena mpaka kifua kitulie, kisha arudie. Na kipimo chake kiwe ulimi, kwa maana anayeweza kuzungumza na mwenziwe sentensi nzima bila kukatika yuko katika mwendo unaomjenga, na asiyeweza kumaliza maneno matatu amevuka mpaka wake wa leo. Wengi wanaodhani wana maradhi ya kifua hawana ila mwendo wa miaka 20 iliyopita wanaojaribu kuuvaa leo.

Lakini si wote, na hapa ndipo shahidi ataka kusikilizwa kwa makini zaidi. Mpanda iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kimo kisichotosha kumnyima mtu pumzi. Walakini hewa yake ina mambo yake. Kuanzia Mei hadi Oktoba mvua hukoma, nyasi za miombo hukauka na kuchomwa, mkaa huchomwa, matanuri ya matofali huwashwa, na vumbi jekundu la mitaa ya Makanyagio na Nsemulwa huinuliwa na kila bodaboda ipitayo. Vijijini mna mabani ya kukaushia tumbaku yanayokula kuni usiku na mchana majira yakifika, na machimboni mna makarasha yanayosaga mawe ya dhahabu na kumwaga vumbi lake puani mwa wasagaji. Tena ile alfajiri tunayoisifu kwa ubaridi wake ndiyo saa ambayo, katika kiangazi, hewa baridi hulala chini na kuuzuia moshi wa usiku usipae, hata mkimbiaji aliyetoka nje akitafuta hewa safi akavuta kwa kinywa wazi, mara kumi na zaidi ya kipimo cha kawaida, moshi ambao jirani yake aliyelala anauvuta kidogo kidogo.

Hewa hupashwa joto na kutiwa unyevu na pua. Mtu akihema kwa kinywa hewa kavu yenye vumbi na moshi, ngozi laini ya ndani ya mirija ya hewa hukauka, na kwa baadhi ya watu misuli inayoizunguka hujibana. Mtazame mtu wa namna hiyo siku ya mbio. Kikundi kimesimama kando ya barabara, wenzake wananyoosha miguu na kupokezana chupa ya maji, na mapigo ya moyo ya kila mmoja yanashuka. Yeye ndio kwanza kifua chake kinaanza kufunga. Hukohoa kikohozi kikavu, huinama akashika magoti, na kila atoapo pumzi husikika ndani ya kifua mluzi mwembamba, mithili ya upepo upitao katika tundu la mlango. Akiulizwa jambo hujibu kwa kichwa. Baada ya nusu saa au saa nzima hali hutulia, naye huenda zake kazini akisema ni mafua. Hii ndiyo alama ambayo kila kiongozi wa mbio angepaswa kuijua: pumzi ya asiye na mazoezi hurudi dakika chache baada ya kusimama, bali pumzi ya mwenye mirija iliyobana huweza kuharibika zaidi baada ya kusimama.

Mtu huyo hahitaji kuacha mbio, ahitaji kupimwa. Paula Radcliffe wa Uingereza, ambaye tangu utotoni alikuwa na pumu inayochochewa na mazoezi, aliweka rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake mjini London mwaka 2003 kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 25, na rekodi hiyo ilidumu miaka 16. Dawa za kuvuta zipo, za kuifungua mirija na za kutuliza uvimbe wake, na tabibu ndiye ajuaye ipi yamfaa nani na kwa wakati gani. Kilichotushinda ni haya. Wako wanaoamini kwamba aanzaye dawa ya kuvuta hataiacha abadan, na wako wanaoificha mfukoni wasionekane dhaifu mbele ya wenzao. Nao wahenga walikwisha kutuonya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Tena si kila pumzi inayokatika ina asili yake kifuani. Damu ikipungua, iwe kwa malaria ya mara kwa mara, kwa safura, kwa hedhi nzito au kwa selimundu, oksijeni hukosa mchukuzi, na mtu huhema akipanda kilima kidogo ilhali mapafu yake ni mazima. Shinikizo la damu lililoachwa miaka mingi huuchosha moyo. Mchimbaji wa dhahabu aliyevuta vumbi la mawe kwa miaka huweza kuwa na makovu mapafuni, na makovu hayo humweka karibu zaidi na kifua kikuu. Basi ahisiye maumivu au uzito kifuani akikimbia, azimiaye, akohoaye damu, avimbaye miguu, au aamkaye usiku akitafuta hewa, huyo asingoje Jumamosi nyingine. Na aende hospitali siku hiyo hiyo.

Najua jibu la wapendao kukaza roho. Watanitajia John Stephen Akhwari, ambaye mwaka 1968, katika Olimpiki ya Mexico, alipatwa na kukakamaa kwa misuli katika mji ulio mita 2,240 juu ya bahari, akaanguka, goti likajeruhiwa, na bado akaimaliza marathoni wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Namheshimu Akhwari kwa moyo wangu wote, na kwa heshima hiyo hiyo nakataa jina lake lifanywe fimbo ya kuwachapia wanyonge wa pumzi. Yeye alikuwa mwanariadha aliyeandaliwa, aliyetumwa na taifa lake kwa kazi ya siku moja. Mama wa miaka 45 atokaye Kawajense alfajiri, aliyepikia kuni tangu usichana na ambaye moshi wa jiko umekwisha kukaa kifuani mwake miaka 30, hakutumwa na mtu kumaliza mbio za leo. Akimbia ili miaka mingine 30 aweze kupanda ngazi, kulima bustani yake na kubeba wajukuu. Kwake, ushujaa ni kusimama pumzi inapomwamuru, kisha kurudi kesho kutwa.

Kwa hiyo nina maombi, na nayatoa kwa watu walio na uwezo wa kuyatimiza. Viongozi wa vikundi vya mbio, mwendo wa kundi upimwe kwa aliye nyuma, au kundi ligawanywe mara mbili, na asiachwe mtu peke yake barabarani akihema. Msimu wa moshi ukiwa mzito, mbio zisogezwe mpaka jua limepanda kidogo, au zihamishiwe upande ambao upepo hauleti moshi. Na dakika kumi za kupasha mwili zisirukwe, maana zina msaada mkubwa kwa mirija inayobana. Halmashauri, zinapozungumza juu ya afya, zikumbuke kwamba moshi wa jikoni na wa barabarani ni jambo moja: Serikali ilizindua mwezi Mei 2024 mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na kila jiko la gesi litakalofika Katavi ni pumzi iliyoongezwa kwa mtu ambaye kesho atataka kukimbia. Zahanati na vituo vya afya viwe na kile kifaa kidogo cha kupulizia kinachopima nguvu ya pumzi, ambacho si ghali wala hakihitaji umeme, na mganga ajaliwe dakika tano za kumuuliza mgonjwa pumzi humkatika lini, akiwa anakwenda au akiisha kusimama, na hurudi baada ya muda gani.

Nawe msomaji uliyevaa raba juzi ukazivua kwa aibu, zivae tena. Anza kwa kutembea, mwambie mwenzio kifua chako kinavyokwenda, na ikiwa mwezi mmoja wa mwendo wa pole haukukusogeza mbele hata kidogo, nenda ukapimwe. Kujua ni nini kinachokunyima pumzi ni haki yako, na katika wengi wa wanaokwenda kuuliza, jibu huwa ni jambo lenye tiba.